Kwa Nini Pombe ya Kwanza Huharibika: Somo la Kimea, Chachu na Joto

Tuseme mkazi mmoja wa Bweri, mjini Musoma, amenunua debe la ulezi ili apike pombe kwa mara ya kwanza maishani mwake. Ameulowesha ulezi, ameuotesha, ameuanika na kuusaga. Amepika uji, amechanganya, amefunika pipa na kungoja. Siku ya tano anafunua pipa mbele ya ndugu zake waliokuja kumsaidia kulima, na harufu inayompokea ni ya siki. Debe zima limepotea, pamoja na kuni na kazi ya wiki mbili. Jirani mmoja anasema kwamba pipa limeangaliwa na jicho baya. Mwingine anasema kwamba mpishi ana mkono mzito, na kwamba kuna watu ambao hawakujaliwa kupika.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba pombe iharibikapo huwa imefuata kanuni zile zile ambazo pombe njema huzifuata, na kwamba kila kosa huacha dalili yake. Mwenye kujua kusoma dalili hizo anaweza kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mahali alipokosea. Mwalimu wa baiolojia au kemia atapata humu mifano ya vimeng'enya, upumuaji usiotumia oksijeni, asidi na metali, yote kutoka katika jambo ambalo wanafunzi wake wamelizoea nyumbani. Mwishoni tutaeleza pia makosa ambayo hasara yake ni kubwa kuliko debe la ulezi, kwa kuwa yamewahi kuua watu.

Hatutaki kumhimiza mwanafunzi anywe pombe. Majaribio yaliyomo hayahitaji kuonja kitu chochote.

HATUA TATU ZA KAZI

Nafaka ina wanga mwingi na sukari kidogo sana. Chachu, ambayo ndiyo huzalisha alkoholi, haiwezi kula wanga. Kwa hiyo kazi nzima ya mpishi ni kuubadili wanga kuwa sukari, kisha kuiacha chachu iibadili sukari kuwa alkoholi. Kazi hiyo ina hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni kutengeneza kimea. Mbegu ikilowa na kuanza kuota, huunda vimeng'enya vya kuvunja wanga wake, ili mche mchanga upate chakula kabla haujawa na majani. Mpishi huiachia mbegu ianze kazi hiyo, kisha huikatiza kwa kuianika juani. Katika mwaka wa 1833 wanakemia wawili wa Ufaransa, Payen na Persoz, walitoa katika kimea cha shayiri kitu kilichoweza kugeuza wanga kuwa sukari, wakakiita diastesi. Hicho kilikuwa kimeng'enya cha kwanza kutambuliwa na wanasayansi. Lakini wapishi wa ulezi na mtama walikuwa wamekitumia kwa karne nyingi bila kukipa jina hilo.

Hatua ya pili ni kulainisha wanga na kuugeuza kuwa sukari. Chembe ya wanga mbichi ni ngumu, na vimeng'enya huitafuna polepole mno. Ikipikwa katika maji huvimba na kupasuka, na hapo vimeng'enya hupata njia. Ndiyo maana nafaka hupikwa uji kwanza. Mahali pengine kando ya Ziwa Victoria hufuatwa njia nyingine: unga wa mahindi au muhogo hukandwa kwa maji, huvundikwa siku kadhaa, kisha hukaangwa juu ya bati mpaka uwe chengachenga za rangi ya kahawia. Njia hizo mbili zina shabaha moja, yaani kuufungua wanga kwa joto na unyevu kabla ya kuutia kimea.

Hatua ya tatu ni uchachushaji. Chachu ni kuvu ya chembe moja moja, ndogo hata haionekani bila hadubini. Isipopata oksijeni ya kutosha huvunja sukari kwa njia hii:

C6H12O6 → 2C2H5OH + 2CO2

Maana yake ni kwamba gramu 180 za glukosi hutoa gramu 92 za alkoholi na gramu 88 za kaboni dioksaidi. Ikiwa lita moja ya maji matamu ina gramu 80 za sukari iwezayo kuliwa na chachu, tutatazamia kupata gramu 40 hivi za alkoholi, yaani karibu asilimia 5 kwa ujazo. Mpishi anayeona pombe yake haina nguvu na ajiulize kwanza kama sukari ilipatikana, kabla ya kuilaumu chachu.

KOSA LA KWANZA: KIMEA KISICHOFAA

Dalili yake ni uji unaobaki mzito hata baada ya kutiwa kimea, wala hauwi mtamu. Chanzo kimoja ni mbegu zisizoota. Ulezi uliokaa ghalani miaka mingi, au uliowekwa mahali penye joto na unyevu, huwa na mbegu nyingi zilizokufa. Mbegu iliyokufa haiundi vimeng'enya, na mbaya zaidi, ikilowa huwa shamba la ukungu. Dawa ni kuhesabu kabla ya kununua debe zima: chukua mbegu 100, zilaze juu ya kitambaa chenye maji kwa siku tatu, kisha hesabu zilizoota. Zikiota 90 au zaidi, nunua. Zikiwa 60, tafuta muuzaji mwingine.

Chanzo cha pili ni haraka. Ulezi huloweshwa karibu siku moja, maji yakibadilishwa, kisha hutandazwa juu ya gunia safi, hufunikwa na kunyunyiziwa maji kwa siku mbili au tatu. Ni lazima ugeuzwe mara kwa mara, kwa sababu mbegu zinazoota hupumua na kutoa joto. Rundo nene lisilogeuzwa hupata moto katikati na kuoza.

Chanzo cha tatu ni ukaushaji. Mtu mwenye haraka hukausha kimea kwenye kikaango juu ya moto. Kimea kibichi kikipata joto kali hupoteza vimeng'enya vyake, na kinachobaki ni unga wa kawaida wenye harufu nzuri. Jua linatosha, nalo si haba katika Musoma.

Mtama unadai tahadhari ya pekee. Mche mchanga wa mtama una kitu ambacho kikivunjika hutoa sianidi, ambayo ni sumu. Nyingi yake imo katika chipukizi. Kwa hiyo kimea cha mtama hukaushwa vizuri, husuguliwa na kupepetwa ili vijimizizi na vichipukizi viondoke, na chakula kinachotokana nacho hupikwa katika chombo kilicho wazi ili sumu iondoke pamoja na mvuke. Mizizi na vichipukizi vya mtama visitupiwe mifugo.

KOSA LA PILI: JOTO LISILOPIMWA

Hili ndilo kosa linalowapata wengi, na ndilo lenye sayansi tamu kuliko yote. Mpishi mgeni huona uji unachemka, naye humwaga kimea humo humo. Saa mbili baadaye uji ungali mzito kama wa mtoto. Hakuelewa kwamba vimeng'enya ni protini, na protini ikipashwa moto kupita kiasi hupoteza umbo lake, kama ute wa yai unavyoganda katika kikaango. Yai lililokaangwa halirudi kuwa bichi. Na kimeng'enya kilichoharibika hakirudi kufanya kazi.

Vimeng'enya vya kimea hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 60 na 70 za sentigredi. Juu ya nyuzi 70 huanza kuharibika upesi. Lakini wanga wa mtama unahitaji karibu nyuzi 68 hadi 78 ili ulainike. Hapo kuna mgongano: joto linalofungua wanga ndilo linalovunja vimeng'enya. Shayiri ya Ulaya haina taabu hiyo kubwa, maana wanga wake hulainika katika joto la chini zaidi. Ndiyo sababu maelekezo ya kupika bia yaliyoandikwa kwa ajili ya shayiri humpoteza mtu anayetumia mtama. Wapishi wa kwetu waliutatua mgongano huo zamani kwa kutenganisha kazi mbili: hupika uji kwanza, huuacha upoe, ndipo hutia kimea.

Upoe kiasi gani? Kipimajoto ndicho chombo bora. Asiye nacho anaweza kutumia hesabu. Musoma iko karibu mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Maji yaliyochemshwa na kuachwa yapoe yatakuwa na nyuzi 25. Tukichanganya sehemu 9 za uji unaochemka na sehemu 7 za maji hayo, joto la mchanganyiko litakuwa:

(9 × 96 + 7 × 25) ÷ 16 = 1,039 ÷ 16 = karibu nyuzi 65

Pipa lenyewe litameza joto kidogo, lakini tumo ndani ya mipaka tuitakayo. Baada ya hapo kimea hutiwa, hukorogwa, na chombo hufunikwa kwa magunia au hutiwa katika kapu lenye majani makavu ili joto lisitoroke kwa muda wa saa moja au mbili. Mambo yakienda sawa mpishi ataona ajabu: uji mzito utalegea na kuwa mwepesi, na utakuwa mtamu.

Kosa la upande wa pili ni kutia kimea katika uji uliokwisha kupoa kabisa. Hapo vimeng'enya hufanya kazi kwa uvivu, na bakteria waliokuja na kimea hupata muda mrefu wa kula ile sukari kidogo inayotoka. Matokeo yake ni uchachu wa mapema na pombe dhaifu.

KOSA LA TATU: CHACHU ILIYOCHELEWA AU ILIYOUAWA

Dalili ni ukimya. Saa 24 zimepita, hakuna povu, hakuna mlio wa mapovu katika pipa. Ikiwa maji ni matamu lakini yametulia, basi hatua ya pili ilifaulu na kosa liko katika chachu.

Chunguza joto kwanza. Chachu hupenda nyuzi 25 hadi 30. Ikitiwa katika maji ya nyuzi 50 hufa. Kwa upande mwingine, usiku wa Musoma joto huweza kushuka karibu nyuzi 18, na pipa lililowekwa nje juu ya saruji litachelewa kuamka. Weka pipa ndani, juu ya ubao au magunia.

Kisha chunguza umri wa chachu. Wengine hutumia machicha ya pombe iliyotangulia. Njia hiyo ni nzuri ikiwa pombe hiyo ilikuwa njema na haijapita siku nyingi, lakini machicha ya pombe iliyogeuka siki huleta siki. Wengine hutegemea chachu ya asili iliyomo katika kimea kibichi au katika vitundu vya mtungi wa udongo. Hamira ya mkate nayo inafaa: kijiko kimoja cha chai kwa lita 10. Ijaribu kwanza katika kikombe cha maji ya vuguvugu yenye sukari kidogo. Isipotoa povu katika nusu saa, usiitegemee.

Kuchelewa kwa chachu kuna hatari yake. Maji matamu yenye joto la wastani ni karamu isiyo na mwenyewe. Asipofika chachu, watafika wengine.

KOSA LA NNE: UCHACHU NA SIKI

Hapa mpishi mgeni hana budi kutofautisha mambo mawili ambayo ulimi huyachanganya.

Uchachu wa kwanza ni wa asidi ya laktiki, ile ile iliyomo katika maziwa mgando na katika togwa. Huletwa na bakteria ambao hawahitaji hewa. Pombe zetu za nafaka, ikiwa ni pamoja na ile ambayo Wakurya huiita amarwa, zina uchachu huu kwa kiasi fulani, na si kasoro. Asidi hiyo ni mlinzi: vijidudu vingi viletavyo magonjwa ya tumbo havistawi mahali penye asidi ya namna hiyo. Ukizidi mno ni dalili kwamba bakteria waliitangulia chachu.

Uchachu wa pili ni wa siki, wenye harufu inayochoma pua. Huu huja baada ya alkoholi kupatikana, na huletwa na bakteria wengine ambao ni lazima wapate oksijeni:

C2H5OH + O2 → CH3COOH + H2O

Alkoholi na hewa huwa siki na maji. Kwa hiyo mwenye pombe yenye harufu ya siki na ajiulize: je, pipa lilijaa nusu tu na kuacha nafasi kubwa ya hewa? Je, lilifunuliwa kila mara ili kutazamwa? Je, inzi waliingia? Inzi wadogo wa matunda hubeba bakteria wa siki miguuni mwao. Je, pombe ilikaa siku nyingi baada ya povu kwisha? Wakati povu linapanda, kaboni dioksaidi huikinga pombe kwa kuisukuma hewa nje. Povu likiisha, kinga hiyo nayo hupungua. Pombe ya nafaka haikusudiwi kuwekwa akiba. Huandaliwa kwa siku yake.

Msomaji asidhani kwamba masumbuko haya ni ya pipa la Bweri peke yake. Katika mwaka wa 1856, mwenye kiwanda kimoja cha alkoholi mjini Lille, Ufaransa, alimwendea mwanakemia Louis Pasteur kwa sababu mapipa yake ya viazisukari yalikuwa yakichacha badala ya kutoa alkoholi. Pasteur alichukua matone kutoka mapipa mazuri na mabaya akayatazama kwa hadubini. Katika mazuri aliona vijichembe vya mviringo vya chachu. Katika mabaya aliona vijidudu vyembamba na vifupi kama vijiti. Kutokana na uchunguzi wa namna hiyo alionyesha kwamba kila aina ya uchachushaji ina kiumbe chake. Mnamo 1897 Eduard Buchner wa Ujerumani aliongeza jambo jingine: alisaga chachu, akakamua maji yake, na maji hayo yasiyo na chembe hai yakachachusha sukari. Ikadhihirika kwamba vimeng'enya vya chachu ndivyo vifanyavyo kazi. Kwa ugunduzi huo alipewa Tuzo ya Nobeli ya kemia ya mwaka 1907. Swali la mwenye pipa lililoharibika lilikuwa moja ya njia zilizotufikisha kwenye sayansi ya vijidudu tuliyo nayo leo.

KOSA LA TANO: CHOMBO

Pombe ni asidi, na asidi hula metali. Ndoo au pipa la bati lililopakwa zinki halifai kuchachushia, kwa kuwa zinki huyeyuka katika pombe na kuwasababishia wanywaji kichefuchefu na kutapika. Chombo cha plastiki kilichowahi kutiwa dawa ya pamba, dawa ya mifugo, mafuta ya taa au rangi kisitumiwe hata kidogo, maana plastiki hunyonya kemikali ambazo sabuni haiziondoi. Mtungi wa udongo ni mzuri, lakini vitundu vyake huhifadhi vijidudu vyema na vibaya kwa pamoja. Mtungi uliotoa siki uoshwe kwa maji yanayochemka na kukaushwa juani kabla ya kutumiwa tena. Maji ya ziwani yachemshwe kwanza, kwa sababu si kila kijidudu kitasubiri mpaka asidi ipatikane.

Chombo kisizibwe kwa nguvu wakati chachu ingali inafanya kazi. Tumeona kwamba gramu 180 za glukosi hutoa gramu 88 za gesi. Katika mgandamizo wa hewa wa Musoma, gesi hiyo ikiachwa huru hujaza lita 56. Ukiitia pombe katika chupa ya lita moja ingali na gramu 20 za sukari, unaifungia chupa hiyo lita 6 za gesi. Chupa ya kioo hupasuka, na vipande vyake huruka kama risasi. Funika kwa kitambaa safi kilichofungwa kwa kamba, au acha tundu dogo la kutolea gesi.

MAKOSA YASIYOSAMEHE

Makosa yaliyotangulia humnyima mpishi pombe. Yafuatayo huweza kumnyima uhai.

La kwanza ni nafaka yenye ukungu. Watu wengi huona kwamba mahindi au ulezi uliovunda haufai kwa ugali lakini unafaa kwa pombe. Dhana hiyo ni hatari. Ukungu wa namna fulani hutoa sumu iitwayo aflatoksini, inayodhuru ini. Kupika hakuiondoi, kuchachusha hakuiondoi, na machicha yake hudhuru hata kuku na nguruwe. Katika mwaka wa 1616 au 1716 jambo hili lisingeweza kuelezwa. Katika mwaka wa 2016, watu walipokufa kwa sumu hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara, chanzo kilijulikana: mahindi yaliyopata ukungu. Kimea kilichoota utando wa kijani, mweusi au wa rangi ya waridi kitupwe chote. Usichague kilicho kizuri, kwa kuwa sumu haionekani kwa macho.

Mfano wa kuhuzunisha zaidi ulitokea Msumbiji. Mwezi Januari 2015, katika Chitima, mkoa wa Tete, watu waliotoka mazishini walikunywa pombe ya kienyeji, ambayo huko huitwa phombe, neno ambalo Mswahili hahitaji tafsiri yake. Watu 75 walikufa, aliyeipika akiwa miongoni mwao, na wengine zaidi ya 100 waliugua. Uvumi ulienea kwamba mtu alitia nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ulionyesha kitu kingine: pombe ilikuwa na asidi ya bongkreki, sumu kali inayotolewa na bakteria aitwaye Burkholderia gladioli, na pombe hiyo ilipikwa kwa unga wa mahindi ulioharibika. Sumu hiyo haina rangi wala ladha ya kumwonya mtu, na moto wa jikoni hauiharibu. Wakati watu walipokuwa wakimtafuta mwenye nyongo, muuaji alikuwa ndani ya unga. Tunajifunza hapa kwa nini si jambo dogo kuliacha jicho baya na kutafuta chanzo cha kweli: jibu lisilo sahihi humwacha muuaji mahali pake, tayari kwa mazishi mengine.

La pili ni kujaribu kuiokoa pombe mbovu. Wako wanaoitonesha kuwa gongo ili isipotee, na wako wanaoitia nguvu kwa spiriti ya kununua. Kutengeneza gongo bila idhini ni kinyume cha sheria za Tanzania, na kuuza pombe ya kienyeji kunahitaji leseni. Lakini hata bila sheria, sayansi inakataza. Pombe ya nafaka iliyochachushwa vizuri ina methanoli kidogo sana. Hatari kubwa huja mtu anapochanganya kinywaji na spiriti ya viwandani, ambayo huweza kuwa methanoli tupu. Mwilini methanoli hugeuka kuwa asidi ya fomiki, nayo hushambulia mishipa ya macho. Mwezi Novemba 2000, mjini Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa kinywaji kilichotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Pombe iliyoharibika na imwagwe. Hasara ya debe moja hupimika.

MAJARIBIO YA DARASANI

1. Kimea na wanga. Pika uji mwepesi wa unga wa muhogo. Gawa katika mirija mitatu: mmoja uwe na nyuzi 30, wa pili nyuzi 65, wa tatu nyuzi 95. Kila mmoja utie unga wa kimea kiasi kile kile, ukidumisha joto lake kwa maji ya moto katika bika. Kila baada ya dakika 5 chukua tone la kila mrija, liweke juu ya kigae cheupe na utie tone la iodini. Rangi ya buluu nyeusi huonyesha wanga. Ni mrija upi unaoacha kutoa rangi hiyo kwanza? Ni upi usioacha kabisa? Poza mrija wa tatu hadi nyuzi 65 na ujaribu tena. Eleza unachoona.

2. Gesi ya chachu. Changanya hamira, sukari na maji ya vuguvugu katika chupa. Pitisha mpira kutoka chupa hiyo hadi katika maji ya chokaa. Maji ya chokaa yakigeuka meupe kama maziwa, kaboni dioksaidi imetoka. Rudia kwa hamira iliyotiwa maji yaliyochemka.

3. Togwa. Togwa hupita hatua ya kwanza na ya pili pamoja na pombe, kisha hushika njia ya asidi ya laktiki. Tengenezeni togwa, na kila baada ya saa 6 pimeni asidi kwa karatasi ya litimasi au ya pH. Choreni grafu ya matokeo.

MASWALI

1. Pombe ya mpishi wa kwanza ilibaki nzito na tamu kidogo. Ya wa pili ilikuwa nyepesi na tamu sana lakini haikutoa povu. Ya wa tatu ilitoa povu kisha ikanuka siki. Eleza kila mmoja alikosea katika hatua ipi.

2. Katika mahali ambapo maji huchemka kwenye nyuzi 100 na maji baridi yana nyuzi 30, ni sehemu ngapi za kila kimoja zitakazotoa nyuzi 65?

3. Kwa nini asidi ya laktiki hulinda kinywaji dhidi ya vijidudu vingi, lakini hailindi dhidi ya aflatoksini iliyokwisha kuwamo katika nafaka?

Tumrudie mkazi wetu wa Bweri. Harufu yake ilikuwa ya siki, hivyo tunajua kwamba kimea chake kilifaa, joto lake lilifaa na chachu yake ilifanya kazi. Bila alkoholi hakuna siki. Alishinda hatua zote tatu, akashindwa na hewa. Pengine alilifunua pipa kila asubuhi kwa hamu ya kutazama. Mkono wake si mzito. Mara ya pili na ajaze pipa vizuri, alifunike kwa kitambaa safi, na alihesabie siku badala ya kulichungulia.